Kamba ya Miguuni

Wat Laidlaw alirudi nyumbani saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, na kwa saa hiyo tu mkewe akajua kuna balaa. Miaka kumi na mmoja waliyoishi Harrow Falls, huku Amerika, Wat hakuwahi kuvuka kizingiti kabla kengele ya kiwanda cha sufu haijalia. Alishafanya kazi jino limemvimbisha shavu zima. Alishafanya kazi siku mbili baada ya kumzika binti yao mdogo. Sasa huyo hapo, anaburuta miguu, anakaa kitini hata kofia hajavua.

"Wamekufukuza?" Effie aliuliza, mwiko wa supu mkononi.

"Nani anifukuze mimi? Baridi tu imenikamata. Nipe chai, mke wangu."

Effie alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi na maji, kama ukuta wa pishi. Halafu akasikia pumzi yake. Ilikuwa inakwaruza, kama gunia linalovutwa juu ya changarawe.

"Wat. Mlifungua yale ya mbuzi?"

Wat akatazama meza.

"Nakuuliza. Yale marobota yaliyoshuka wiki iliyopita, mliyafungua na maji?"

"Makavu," akasema Wat, polepole, kama mtoto aliyevunja kitu.

Effie aliweka mwiko chini. Hakulia. Hakuna mke wa mchambua sufu kutoka kwao Galashiels, Uskochi, asiyejua neno hilo lina maana gani. Manyoya ya mbuzi yatokayo Van, kule Uturuki, huja yamefungwa pamoja na damu iliyokauka na vipande vya ngozi vya wanyama waliokufa kwa maradhi. Ukikata kamba za robota likiwa kavu, vumbi linapanda, unalivuta, na siku ya tatu au ya nne unazikwa. Wat alikuwa ameyaona kwa macho yake Bradford, Uingereza, alikofanya kazi miaka miwili kabla ya kuvuka bahari. Alikuwa huko na Sandy Pringle, mtu wa mtaa wake, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wachambuaji Harrow Falls, wakalala chumba kimoja. Wenzao wawili walizikwa wiki moja. Tangu hapo ikawekwa sheria: robota zima linazamishwa kwenye pipa la maji kwanza, ndipo kisu kipite. Maji tu. Kitu ambacho Mungu anakimwaga bure.

"Na nani aliwaambia mfungue makavu?"

"Effie, usianze."

"Nani?"

"Sandy alisema yakilowa yatachukua siku mbili kukauka, na meneja anataka kitambaa mwisho wa mwezi. Alisema haya yameshaoshwa hukohuko."

"Na wewe ukamwamini."

"Sikumwamini," alisema Wat, na kifua kikamkatalia, akangoja. "Lakini ningefanyaje? Nimruke Sandy niende kwa meneja? Nimvue mtu wa kwetu nguo mbele ya Wayankii? Sandy ndiye aliyetuandikia barua tukaja huku. Sandy ndiye aliyenipa meza."

Supu ikafurika, ikazima moto. Effie aliiacha ifurike.

Daktari wa kiwanda alikuja Jumatano asubuhi. Hakuingia. Alisimama mlangoni pa chumba, leso ameibana puani, akamtazama Wat kwa mbali kama mtu anayetazama farasi asiyekusudia kumnunua.

"Homa ya mapafu," akasema.

"Hujamgusa," Effie akasema.

"Sina haja ya kumgusa, bibi. Nimeshaona homa za mapafu mia." Akaanza kurudi nyuma. "Godoro lake likichomwa itakuwa vizuri. Na mashuka. Na nguo za kazini. Lile vazi la mbele mlichemshe kwa magadi."

"Tangu lini homa ya mapafu ikachomewa godoro?"

Daktari alivaa kofia. Alikuwa kijana, mashavu mekundu, na yakazidi kuwa mekundu. "Ni usafi tu, bibi," akasema, akashuka ngazi mbilimbili.

Gideon, mwana wao wa pekee aliyebaki, alikuwa amesimama jikoni na koti lake la kazi. Umri wake miaka ishirini, mabega kama ya baba yake, meza yake ya kuchambulia iko ya pili kutoka ile ya Wat. Kila Effie alipomtazama alikuwa anasikiliza kifua chake. Anapanda ngazi, mama anasikiliza. Anakohoa kwa mvuke wa chai, mama anashika meza.

"Ulisimama wapi yalipofunguliwa?"

"Mama, umeniuliza mara nne."

"Na hii ya tano."

"Dirishani. Nilitumwa kuleta vikapu. Baba na Hob Renwick ndio waliokata kamba. Hob yuko mzima, jana alikuwa anaimba." Akashusha sauti. "Pengine kweli ni mapafu, mama. Baba amekuwa na kifua tangu zamani."

"Nani kakuambia baba yako ana kifua tangu zamani?"

Gideon akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Gideon."

"Bwana Pringle alikuwa anasema hivyo kazini."

Wat alikuwa hajafa, na hadithi yake ilikuwa imeshaandikwa.

Jioni ile Wat alimwita mkewe akae karibu. Midomo ilikuwa imekuwa ya buluu, lakini akili ilikuwa palepale, na hilo ndilo baya la ugonjwa ule: unamwacha mtu aone anavyokwenda. Alitaja watu wa kushika kamba zake.

Kwao jeneza haliteremshwi na wachimba kaburi. Linateremshwa kwa kamba, na kila kamba ina mtu wake, na kila mtu anapelekewa kadi yenye mstari mweusi inayomwambia amesimama wapi. Kamba ya kichwani ni ya mwana mkubwa. Ya miguuni ni ya yule wa karibu zaidi baada ya mwana. Watu wameacha kusalimiana miaka thelathini kwa sababu ya kamba. Wanawake hawahusiki. Wanawake wanabaki nyumbani wakikata keki na kuhesabu glasi za wiski.

"Gideon kichwani," Wat akanong'ona. "Dand Tait kulia. Hob kushoto. Hao wengine unawajua." Akapumzika. "Sandy miguuni."

Effie alikuwa akikunja shuka, akaendelea kulikunja.

"Effie. Usimwaibishe. Tuko wachache huku. Tukianza kulana sisi kwa sisi, Wayankii watatucheka."

Effie akaweka shuka kando. Akamwinua kichwa, akamnywesha maji, mengine yakamwagikia shingoni.

Alikufa Alhamisi adhuhuri, kengele ya chakula ikilia, na mtaa mzima ukisikika unatembea kwa viatu vya mbao kwenda kula.

Ijumaa asubuhi Sandy Pringle alibisha hodi. Alikuja na paja la nguruwe limefungwa kwenye kitambaa cheupe, na bahasha. Mtu mpana, mzee wa kanisa, sauti ya kuongoza zaburi. Alimkumbatia Gideon kwa muda mrefu na macho yakamlowa kweli. Wat alikuwa rafiki yake; hilo halikuwa uongo, na hicho ndicho kilichomkera Effie zaidi.

"Effie, shemeji yangu. Sina maneno."

"Basi usiseme."

Sandy akakaa. Akaweka paja la nguruwe mezani. Akaweka bahasha kando yake. Akakohoa kidogo.

"Meneja amesikitika sana. Jeneza ni juu ya kiwanda. La mwaloni, Effie, si msonobari. Nyumba hii mtakaa mpaka Mei bila mtu kuwagusa. Na Gideon anachukua meza ya baba yake, na ujira wa baba yake. Dola kumi na mbili kwa wiki. Mtoto wa miaka ishirini! Nimempigania mimi mwenyewe."

"Na karatasi inasema nini?"

"Ni mambo ya ofisi tu."

"Mimi nilifika darasa la nne, Sandy. Nisomee polepole."

Sandy hakutaka kuisoma, ikabidi Gideon aisome. Ilisema kwamba Walter Laidlaw alikuwa na udhaifu wa kifua tangu kwao Uskochi; kwamba alikufa kwa homa ya mapafu; kwamba mjane wake anakubali hayo na hana dai wala neno dhidi ya kazi wala kiwanda. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi yake, na mtu wa ofisini, kwa kuogopa kwamba hajui kuandika, alikuwa amemchorea msalaba mdogo kwa penseli ili aufuate.

Effie aliuangalia ule msalaba.

"Marobota mangapi yamebaki?"

"Marobota gani?"

"Usinifanye mjinga ndani ya jiko langu."

"Thelathini na nane," akasema Gideon.

"Na Jumatatu yanafunguliwaje?"

Sandy akaegemea mbele, akashusha sauti kama watu wanaosikilizana. "Effie, nakupa neno langu. Neno la mtu wa kwetu. Nitazungumza na meneja kuhusu mapipa. Lakini nikizungumza naye huku wewe umekataa karatasi, atasema nini? Atasema Waskochi wametengeneza fitina. Weka sahihi kwanza, halafu niachie mimi. Haya ni ya ndani. Tuyamalize ndani."

"Wat naye uliyamaliza naye ndani."

Uso wa Sandy ukabadilika. Akainuka, akapapasa kofia, na pale mlangoni akakumbuka jambo. Akasema bila kumtazama:

"Na lile vazi lake la kazi. Ni mali ya kiwanda, unajua. Karani ananiuliza. Ukiwa umeshalichemsha, mpe Gideon alilete. Lisipopatikana ni senti sabini."

Jeneza la mwaloni na senti sabini! Effie alicheka, kicheko kibaya, mpaka Gideon akamshika bega.

"Lipo kwenye majivu, Sandy. Njoo uchambue."

Jioni ile mama na mwana waligombana kama ambavyo hawakuwahi kugombana. Wat yuko chumba cha pili, amevikwa shati lake la kanisani, na wao wanagombana kwa kunong'ona, kama wezi.

"Weka sahihi, mama."

"Siweki."

"Nimekaa meza ya pili miaka minne. Unajua meza ya baba iko wapi? Chini ya dirisha la kaskazini. Mwanga wa kaskazini, usiodanganya macho! Watu wanazeeka wakiingojea."

"Baba yako hakuzeeka."

"Nitafunga kitambaa puani."

"Kitambaa!" Effie alisimama. "Vumbi linalomwua ng'ombe litaogopa kitambaa? Nimewazaa wanne, Gideon. Wawili wako Galashiels ardhini, mmoja yuko hapa juu kilimani, na kesho baba yako anamfuata. Nimebaki na wewe. Unataka nikuchoree msalaba kwa penseli?"

"Na tukifukuzwa Jumamosi ijayo tutalala wapi? Utafua nguo za watu?"

"Nitafua."

"Bwana Pringle ametoa neno lake!"

"Baba yako alikula neno la Pringle. Linamtosha kaburini."

"Wewe unamchukia tu," Gideon akasema. "Baba mwenyewe alimtaja kwa kamba ya miguuni. Nilisikia. Baba alimsamehe. Wewe ni nani umkatae?"

Effie akakaa tena. Hasira yake kwa Sandy aliijua, ilikuwa na uso na kofia. Hii nyingine aliyokuwa nayo kwa yule aliyelala chumba cha pili na mikono kifuani ndiyo aliyokosa pa kuiweka. Ee Wat. Ulijua. Ulikuwa unajua, na kisu ukakishika, kwa aibu tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ukakiona, ukafunga kifungo.

"Zipeleke kadi," akamwambia mwanawe mwishowe. "Kama baba yako alivyosema. Na ya Sandy."

Gideon alimtazama kwa shaka. "Na karatasi?"

"Karatasi tutazungumza baada ya kuzika."

Jumamosi asubuhi wanaume walikunywa wiski yao jikoni, wakala vipande vya keki, wakainua jeneza la mwaloni, wakaondoka. Wanawake sita walibaki na Effie, wakaanza kusuuza glasi. Mysie Tait, mke wa Dand, tumbo mbele la miezi minane, alimletea kiti karibu na moto.

"Kaa, dada. Umesimama tangu alfajiri."

Effie alivaa shali.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzika."

"Wewe! Wanawake hawaendi!"

"Nani kasema?"

Mysie akatafuta jibu, akawatazama wenzake, hawakuwa nalo. "Basi tu," akasema. "Hawaendi."

Kilima cha makaburi kilikuwa na theluji iliyochafuka, na Effie alikipanda kwa viatu vyake vya jikoni. Alipofika, Mchungaji Gillespie alikuwa amemaliza sala, na Gideon, kadi alizorudishiwa na wenyewe zikiwa mkononi, alikuwa anaita majina. Jeneza limekaa juu ya mbao mbili, kamba nyeusi zinaning'inia pembeni. Kichwani Gideon mwenyewe. Dand Tait kulia, mtu wa mizaha aliyeweza kumchekesha hata karani, leo pua nyekundu, hana mzaha. Hob Renwick kushoto. Miguuni Sandy Pringle, kichwa wazi, ameshazungusha kamba kwenye kiganja.

Mchungaji ndiye aliyemwona kwanza. "Bi Laidlaw," akasema kwa upole, "kwa desturi yetu akina mama hubaki nyumbani."

"Nimebaki nyumbani miaka ishirini na mbili, Mchungaji. Tazama nilichopata."

Akapita katikati yao. Wanaume wakampisha kwa namna wanavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto. Akasimama mbele ya Sandy, kaburi likiwa kando ya miguu yao.

"Wat alitaka ushike kamba hii," akasema, "na mimi sikuja kukunyang'anya. Ishike. Lakini uniambie jambo moja kwanza, ukiwa umeishika. Si mimi tu. Mwambie huyu mwanangu, na Dand, na Hob, na hawa wote watakaoingia kazini Jumatatu. Yale marobota thelathini na nane. Yatazamishwa majini?"

"Effie, si hapa. Mwogope Mungu."

"Ni hapahapa. Wewe ni mzee wa kanisa. Mbele ya Wat, na kamba yake mkononi mwako, sema: Jumatatu kutakuwa na mapipa ya maji. Neno moja tu, Sandy. Useme, na mimi nitashuka kilima, niweke sahihi kwenye ule msalaba wenu."

Ndege mmoja mweusi alitembea juu ya theluji.

Sandy alifungua kinywa. Effie alimwona akilitafuta neno, akaona pia kwamba halipo. Kumdanganya mjane jikoni, hilo aliweza. Kumdanganya meneja aliweza. Lakini mtu wa kwao hasemi uongo ameshika kamba ya maiti. Alilelewa hivyo, na mama yake alilelewa hivyo.

"Mapipa... ni gharama," akasema. "Meneja ameshakataa. Jana jioni. Nilijaribu."

"Umejaribu jana?" Ilikuwa sauti ya Gideon. "Lakini leo asubuhi, jikoni kwetu, na glasi mkononi, umeniambia amekubali."

Sandy akainamisha kichwa juu ya kamba.

Gideon alikuwa mweupe kama karatasi. Akazitazama kadi mkononi, akaitoa ile ya Sandy, akasoma jina, akaikunja katikati.

"Mpe mama kamba," akasema.

"Mwanangu, baba yako alitaka..."

"Mimi si mwanao. Mpe mama kamba."

Kamba ilikuwa imejizungusha mara mbili kwenye kiganja cha Sandy, na ikachukua muda kuifungua. Kila mtu alisubiri. Effie akaipokea. Akaiviringisha mkononi kama alivyowaona wakifanya, akatanua miguu, mbao zikaondolewa.

Hakujua kwamba mtu ni mzito namna ile. Uzito wa Wat ulimshika mabega, ukamvuta mbele, kamba ikamla kiganja, na kwa nukta moja alidhani atamfuata. Dand Tait akasema kwa sauti ya chini, "Polepole, mama. Mwachie kidogokidogo. Hivyo." Akamwachia kidogokidogo. Alipogusa chini, kamba ikalegea, na Effie akaitupa ndani pamoja na wengine.

Alipogeuka, Sandy alikuwa ameshafika getini, kofia bado mkononi, anatembea upesi kama mtu aliyeitwa.

Jumamosi hiyohiyo jioni Effie aliitia ile karatasi ndani ya bahasha yake, bila sahihi, akaifunga na lile paja la nguruwe, Gideon akaviweka mlangoni kwa Sandy. Jumatatu Gideon hakwenda kazini. Jumanne karani alikuja na notisi ya nyumba. Jumatano walipakia vitu kwenye mkokoteni: kitanda bila godoro, birika, Biblia, mkasi wa Wat wa kuchambulia alioachiwa na baba yake.

Dand Tait alikuja kusaidia kufunga kamba za mkokoteni kabla ya kuingia zamu. Effie alimshika mkono.

"Mmeyafungua?"

"Kumi tumeshayafungua. Tunafunga vitambaa." Akajaribu kucheka. "Hob anasema tunafanana na majambazi wa treni."

"Toka, Dand. Njoo nasi. Gideon amepata kazi ya kupakua magogo."

"Nitatoka, mama. Haki ya Mungu nitatoka. Lakini Mysie anajifungua mwezi wa tatu, na nyumba..." Akainua mabega. "Yamebaki ishirini na nane tu. Na hayo mengine pengine yako sawa. Huwezi kujua, si ndiyo? Huwezi kujua."

Hilo ndilo linalowaua watu hawa. Si kutojua. Ni lile "pengine", wanalobeba mfukoni asubuhi kama mkate.

Walipanga chumba kimoja katika mji wa pili, maili tisa kufuata mto, nyuma ya duka la mwokaji. Effie alifua nguo za watu. Gideon alirudi jioni na mikono imechanwa na magome, akalala na viatu, na kila alipolala mama yake alikaa kitini, akisikiliza kifua kile kikipanda na kushuka, safi, bila mkwaruzo. Alisikiliza wiki ya kwanza. Akasikiliza wiki ya pili.

Siku ya kumi na tisa mwokaji alimletea barua. Bahasha ilikuwa na mstari mweusi. Effie aliipokea na mikono yenye sabuni, akaifuta mikono, akaifuta tena, kabla ya kuifungua.

Ilikuwa kadi ya mazishi ya Andrew Tait, Dand wao, miaka thelathini na mmoja, homa ya mapafu. Jumamosi, saa nane mchana. Juu, mahali ambapo huchapwa jina la mwanamume aliyealikwa, mtu alikuwa amekata kwa kalamu neno "Bwana", na kwa mwandiko wa mwanamke aliyejifungua juzi, mwandiko unaoyumba, ameandika: *Bi Euphemia Laidlaw. Miguuni.* Na chini yake, mstari mmoja zaidi: *Karatasi wameleta. Sijaweka sahihi. Njoo, dada. Kichwani nitashika mimi.*

Effie alikaa na kadi ile mapajani mpaka maji ya nguo yakapoa. Kisha akainuka, akaenda kutafuta viatu vyake vya jikoni.